Vifungo

Novemba, redio ikatangaza mafua ya ndege:
kuku wote wafungiwe, wawe elfu kumi wa kampuni
au watatu wa nyuma ya nyumba.
Wannes akakunjua wavu wa kuzuilia kunguru kwenye kabichi,
akaukaza juu ya uwanja wao kwa kamba za viatu.
"Kifungo," akasema, "na dhamana hakuna."
Roza akamtazama kwa jicho moja, jinsi kuku wanavyotazama kila jambo,
kisha akarudia kiazi chake.

Wako watatu: Roza, Trees,
na yule ambaye Fien humbadilishia jina kila Jumatatu.
Wiki hiyo alikuwa Waziri.
Hutaga anapotaka, wala hapatani na mtu.

Nyumba yetu imebanwa na nyumba mbili za matofali
kama mtu wa katikati kwenye benchi la kanisa.
Nyuma kuna bustani, upana hatua sita, urefu hadi relini.
Treni ya Kortrijk ya saa moja na dakika nane
hutikisa vikombe kabatini, nami hujua tumechelewa:
kiatu kimoja cha Fien hakionekani,
maziwa yamefurika jikoni,
na ndoo ya makombo imejaa tangu jana.
Maganda ya viazi, machicha ya kahawa,
ukoko wa mkate ambao Fien huapa aliula shuleni.
Kuku huchagua.
Lundo halichagui.

Baba mkwe alihamia kwetu Septemba
na sanduku moja, na kiti chake.
Godelieve tulikuwa tumemzika Agosti.
Mzee Gommaar hakulia. Alikula alichopewa,
akaiambia sahani asante, si sisi.
Hadi alfajiri moja nikasikia uma wa bustani:
yuko lundoni, na ndara miguuni, analipindua,
mvuke unampanda hadi kidevuni
na nyasi zote zimeganda barafu.
Akachomeka katikati kipimajoto changu cha nyama.
Hamsini na nane. Akaandika ukutani kwa penseli.
Kesho yake, sitini na moja.
Nusura atabasamu.
Kipimajoto sikukidai tena.

Machi, amri ikaondolewa.
Fien akakata kamba kwa mkasi wa shule.
Kuku wakasimama kwanza mlangoni, wakijadiliana,
kisha wakalivamia lundo, wakachakura
mguu wa kulia, mguu wa kushoto, rudi nyuma, angalia,
mboji ikiruka hadi kwenye nguo nilizoanika,
wiki kumi na sita za deni zikilipwa kwa kucha.

"Mama! Waziri ametaga kifungo!"

Cha bluu, matundu manne,
uzi mweupe bado umeking'ang'ania.
Nilikijua kabla hajanipa.
Ile sweta ya Jumapili, aliyoifuma mwenyewe:
uzi wa bluu ulimwishia na duka limefungwa,
akasema nani atamchungulia bibi kizee kifuani.
Sufu huoza, ukiipa joto na muda.
Plastiki haiozi.
La kwanza mzee alilijua. La pili, sidhani kama alilifikiria.

Nikageuka. Alikuwa dirishani,
gazeti mkononi, halisomi.
"Basi kiweke na mayai," nikamwambia Fien,
kwa kuwa sikupata neno jingine.

Cha pili kilitoka kwenye kitalu cha karoti.
Cha tatu Trees alikimbia nacho mdomoni, wenzake nyuma yake,
tukamfukuza mimi na Wannes, yeye na sare ya kazini,
jirani akicheka juu ya ukuta.
Kufikia Mei vilikuwa vitano, vimekaa kwenye trei,
kila kimoja na shimo lake, kama mayai ya ndege mdogo sana.
Kila asubuhi Gommaar huchukua yai lake hapo hapo,
huligonga, hula.

Jana, wakati wa chakula cha jioni, akaweka uma chini.
"Vilikuwa sita," akasema,
akaomba chumvi.

Fien alikuwa ameshatoka nje na tochi na kijiko,
na kuku, kwenye kijiti chao, wakilalamika mwanga.